Mtindo gani wa nyumba hauchuji? Fundi anataka dari ya ngazi tatu, mimi sitaki

Habari za kazi washauri,

Mimi na mume wangu tunamalizia nyumba yetu ya vyumba vitatu huku Kigamboni, kama dakika kumi kwa miguu kutoka baharini. Bati limekaa, madirisha ya aluminiamu yamefungwa, lipu imeisha wiki tatu zilizopita, chini bado ni jamvi tupu la zege. Tumebakiwa na milioni 14 za umaliziaji pamoja na samani, na hatuna pa kuzitoa nyingine kwa miaka kadhaa.

Sebule ni mita 5 kwa 4.5 na imeungana na sehemu ya kulia chakula yenye mita 3 kwa 4.5, hakuna ukuta katikati. Kutoka kwenye jamvi hadi kwenye kenchi, yaani mbao zinazobeba bati, ni mita 3. Madirisha makubwa ya sebule yanatazama magharibi, kwa hiyo kuanzia saa tisa jua lote linaingia ndani.

Tatizo ni hili. Fundi wa jipsamu amemwonesha baba watoto picha kwenye simu: dari ya ngazi tatu yenye taa za utepe zinazobadilika rangi, ukuta wa TV uliobandikwa paneli za plastiki zinazofanana na marumaru, chini tailizi nyeupe zinazong'aa kama kioo, na seti ya makochi ya velveti nyeusi yenye urembo wa dhahabu. Kwa dari na ukuta wa TV peke yake ametaja milioni 3 na laki 8. Mume wangu ameipenda sana, anasema tumejenga kwa shida miaka sita, acha na sisi nyumba yetu ionekane.

Mimi roho inasita. Nina majirani wawili waliomalizia hivyo miaka minne iliyopita. Kwa mmoja taa za utepe zinawaka nusu, kwa mwingine paneli zimeanza kuachia pembeni. Mama mkwe wangu anakaa Tanga kwenye nyumba iliyojengwa miaka ya 1970: sakafu ya terazo (saruji na chembe za marumaru iliyosagwa ikang'aa), viti vya mbao vyenye mito, kuta nyeupe, basi. Kila nikiingia pale nahisi kupumua. Nikimwambia mume wangu anajibu kwamba hatukujenga nyumba mpya ili ionekane ya kizamani.

Nimesoma kuhusu mtindo wa Skandinavia, wa minimalisti (wa vitu vichache) na huu wetu wa Pwani, nimechanganyikiwa zaidi. Mtindo gani hauchuji? Tuna watoto wawili, wa miaka 3 na 6, na fundi rangi anataka kuanza Jumatatu.

Mama Wawili, Kigamboni

JIBU

Mama Wawili, tuanze na hiyo Jumatatu, maana ndiyo yenye haraka. Msimruhusu fundi rangi aanze. Lipu ya saruji inahitaji siku zisizopungua 28 kabla ya rangi, na ninyi mko kwenye siku ya 21 hivi, tena jirani na bahari. Lipu mbichi ina ukali wa alkali unaoharibu rangi, na ina maji ambayo yakitoka yanabeba chumvi hadi juu ya ukuta. Rangi ikiwa tayari imepakwa, chumvi hiyo inakaa nyuma yake kama unga mweupe na kuisukuma mpaka ibabuke. Kama mchanga wa lipu ulikuwa na chumvi, jambo ambalo si geni maeneo ya Pwani, hali huwa mbaya zaidi.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua nailoni inayopitisha mwanga, kipande cha sentimita 50 kwa 50, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne, chini karibu na sakafu na kingine juu. Acha saa 24. Ukikuta matone ya maji kwa ndani, ukuta bado. Unga mweupe ukitokea, uondoe kwa brashi kavu. Usiuoshe kwa maji, kwa sababu maji yanairudisha chumvi ndani. Rudia kila siku chache mpaka ukome, ndipo mpake praima ya kuzuia alkali, kisha rangi. Muda huo wa kusubiri haupotei bure, kwani kuna kazi ya sakafu ambayo ilipaswa kutangulia rangi na dari.

Sasa swali lako. Hakuna mtindo wenye jina ambao haujawahi kuchuja. Miaka kumi na kitu iliyopita kijivu ndicho kilichokuwa rangi ya kila mahali, leo wengi kimewakinai. Kwa hiyo weka pembeni majina ya mitindo, na kwa kila kitu kinachopendekezwa uliza: siku nikikichoka, nitakiondoa kwa nini? Mito, pazia, zulia na picha zinaondoka kwa mikono mitupu. Taa, rafu, vishikizo vya kabati na bomba la pazia vinahitaji bisibisi. Sakafu, dari na tailizi za bafuni vinahitaji nyundo, na nyundo ina maana ya vumbi, kuhamisha familia na kulipa mara mbili. Vya nyundo vifanyeni vya kawaida kabisa, vya nyenzo nzuri. Shauku yote ya mwaka huu iende kwenye vya mikono na bisibisi. Ukitazama picha alizoleta fundi, amefanya kinyume chake: mapambo yote ya msimu ameyaweka kwenye vitu vya nyundo.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalokupumzisha kule Tanga. Mninga ukikwaruzwa, chini ya mkwaruzo kuna mninga. Terazo ikilika, chini yake kuna terazo, milimita 12 hadi 15 za kitu kilekile, na baada ya miaka 40 unaweza kuisaga upya ikarudi kung'aa. Paneli ya plastiki ikikwaruzwa na baiskeli ya mtoto, chini ya ile picha ya marumaru kuna plastiki, na hakuna fundi wa kuirudisha picha. Vitu vinavyozeeka vizuri ni vile ambavyo ndani ni sawa na nje.

Kuhusu mitindo uliyoisoma, maneno machache yanatosha. Ule wa Skandinavia ulizaliwa kwenye nchi zenye jua dogo, ndiyo maana kuta ni nyeupe sana, mbao ni nyepesi na mazulia ni ya sufu, ili mwanga haba uzunguke na miguu ipate joto. Tatizo lenu ninyi ni jua kuzidi. Wa minimalisti unahitaji makabati mengi ya kufichia vitu, la sivyo ukiwa na watoto wa miaka 3 na 6 utashinda unaokota. Wa Pwani ndio ulio karibu na mazingira yenu, ila uchukueni kwa akili yake na si kwa sura. Nyumba za mawe za Lamu, mji uliowekwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, zina vyumba vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazibebi upana mkubwa, kwa kawaida hazizidi mita 3. Kuta ni nene, chokaa ni nyeupe ili itulize joto, na zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zinachongwa kwenye lipu yenyewe ziwe mahali pa kuweka vyombo. Kila kitu kina kazi. Mkichukua hilo, yaani kuta nyeupe zisizong'aa, mbao ya rangi iliyokolea, mkeka na hewa inayopita, mtakuwa na nyumba ya Pwani. Mkinunua mlango wenye nakshi za mashine na taa za kimanga kumi, mtapata mfano wa mkahawa wa watalii.

Sakafu

Hapa ndipo pesa ziende kwanza. Sebule na sehemu ya chakula ni jumla ya mita za mraba 36. Tailizi nyeupe za kung'aa tunazikataa kwa sababu tatu: zikilowa zinateleza, na una mtoto wa miaka 3, jua la saa tisa kutoka magharibi litagonga chini na kuwarudia machoni, na kila unyayo unaonekana.

Chaguo letu la kwanza ni hiyohiyo terazo ya mama mkwe. Inawekwa hivi: juu ya jamvi lililokwaruzwa na kulowanishwa inamwagwa tabaka la saruji na mchanga la milimita 30 hivi, kisha vinapangwa vipande vya kugawanyia, vya shaba, aluminiamu au plastiki, katika miraba ya mita 1 hadi 1.2. Juu yake linakuja tabaka la terazo lenyewe, milimita 12 hadi 15, kwa kipimo cha saruji ndoo 1 kwa chembe za marumaru ndoo 2. Linashindiliwa kwa rola nzito mpaka chembe zibanane na maji ya saruji yapande juu. Linabaki limelowa kwa wiki nzima. Ndipo mashine ya kusaga inapita mara ya kwanza kwa jiwe la kukwaruza, vitundu vinazibwa kwa saruji ileile, inaachwa siku kadhaa, inasagwa tena kwa mawe laini zaidi, mwisho inapigwa nta.

Makosa yanayoharibu terazo yanajulikana. Fundi anabana chembe na kujaza saruji, na saruji nyingi husinyaa ikapasuka. Au anaruka vipande vya kugawanyia ili asogee haraka, na ufa unajichagulia njia wenyewe katikati ya sebule. Au inasagwa baada ya rangi na dari kukamilika, matope yakarukia kila kitu. Jua pia kwamba ndimu na siki vinaila marumaru, kwa hiyo kikimwagika kitu kichachu kifutwe palepale.

Mafundi wa terazo si wengi kama wa tailizi. Msimpe kazi mtu kwa picha ya simu. Mwambieni awapeleke kwenye sakafu aliyomwaga yeye, yenye miaka mitano au zaidi, muipapase kwa kiganja na muangalie pembe za vyumba, maana mashine kubwa haifiki kwenye kona na hapo ndipo uvivu unapojulikana. Asipokuwa na ya kuonesha, nendeni kwenye tailizi za porseleni zisizong'aa, sentimita 60 kwa 60, rangi ya mchanga au ya jiwe, bila maua wala mishipa ya marumaru. Kwa mita za mraba 36 ongeza asilimia 10 ya kukata na kuvunjika, zinakuwa 39.6. Boksi lenye vipande 4 lina mita za mraba 1.44, kwa hiyo mabokisi 28, na mawili zaidi ya kuweka stoo, kwa sababu baada ya miaka mitano hutaipata toni hiyohiyo dukani. Soma namba ya toni kwenye kila boksi kabla hayajapakiwa kwenye gari, yote yafanane. Grauti, ile ya kuziba mianya kati ya tailizi, iwe nyeusi kidogo kuliko tailizi yenyewe. Grauti nyeupe hugeuka kahawia ndani ya mwaka mmoja, tena kahawia ya mabaka.

Msimwache fundi abandike tailizi kwa madonge matano ya saruji, manne pembeni na moja katikati. Sehemu zilizo wazi chini ndizo zinazolia "ko ko" ukigonga, na ndizo zinazopasuka kiti kikiburutwa. Gundi isambazwe kwa mwiko wenye meno mpaka ijae nyuma yote.

Iwe terazo au tailizi, sakafu itapanda sentimita 4 hadi 5 kutoka kwenye jamvi. Pimeni leo kama milango ina nafasi hiyo chini.

Dari

Hesabu kimo. Mita 3 toa sentimita 4.5 za sakafu, toa fremu na ubao wa dari, unabaki na mita 2.85 hivi kwa dari iliyonyooka. Ngazi tatu zikishuka sentimita 10 kila moja, sehemu ya chini kabisa inakuwa kwenye mita 2.6 hivi. Tundikeni hapo feni yenye fimbo ya sentimita 30, mapanga yatazunguka kwenye mita 2.3. Mtoto wako wa miaka 3 akibebwa mabegani na baba yake, mkono wake unafika.

Zile taa za jirani yako hazikufa kwa bahati mbaya. Taa za utepe hukaa kwenye mfereji ulio wazi juu, unaokusanya vumbi, wadudu na kinyesi cha mijusi. Kibadilisha umeme chake kimefungiwa ndani ya jipsamu kisikopata hewa, kinachemka mpaka kinakufa. Hewa ya chumvi nayo inakula viungo vya shaba. Ikifa sehemu ya mita moja, ukinunua mpya rangi yake hailingani na ya zamani, na kuifikia inabidi fundi apande na pengine atoboe.

Dari yenu iwe moja, iliyonyooka, ya jipsamu ya milimita 12 kwenye fremu zenye nafasi ya sentimita 40, skrubu kila baada ya sentimita 20. Ubao wa milimita 9 kwenye fremu zilizoachana sentimita 60 utaning'inia katikati, utaona mawimbi jua la alasiri likipita chini yake. Kila kiungo kiwekwe utepe wa karatasi au wa nyavu kabla ya kuzibwa, na kizibwe mara tatu, tabaka la juu likipanuka kuliko la chini. Kiungo kilichozibwa bila utepe hupasuka mstari mnyoofu bati linapopanuka na kusinyaa. Ndoano ya feni ifungwe kwenye mbao ya kenchi, kamwe si kwenye jipsamu. Acheni mlango mdogo wa sentimita 60 kwa 60 kwenye korido wa kupandia darini, kwa ajili ya nyaya na kutafuta bati linalovuja. Na kwa pesa mnayookoa kwenye ngazi, tandazeni juu ya dari kizuia joto. Sebule yenye bati juu na jua la magharibi ubavuni itakushukuru kila saa kumi jioni kuliko taa yoyote ya rangi.

Mume wako akitaka sana mwanga uliofichwa, ana haki yake, na upo mahali pa kuuweka bila nyundo: sanduku la pazia lililonyooka juu ya madirisha ya magharibi, upana sentimita 15, ndani yake utepe wa rangi moja ya joto uliokaa kwenye reli ya aluminiamu inayofunguka kwa bisibisi, na kibadilisha umeme chake kiwe mahali pa kufikika.

Taa na kuta

Nyumba nyingi nzuri zinaharibiwa na balbu. Kwenye boksi tafuta herufi K, kipimo cha rangi ya mwanga. Balbu nyingi madukani ni 6500K, mwanga wa bluubluu unaofanya ngozi ionekane ya kijivu na mninga uonekane kama udongo. Sebuleni na vyumbani nunueni 3000K, zote sawa, usichanganye hata moja. Jikoni 4000K inatosha. Sebule yenu ya mita za mraba 22.5 inataka lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) kama 3,400: balbu nne za wati 9, ambazo kila moja hutoa kama lumeni 800, na taa moja ya kusimama pembeni ya kochi. Zigawanyeni kwenye swichi mbili, ili usiku zisiwake zote. Fundi umeme apitishe nyaya hizi kabla dari haijafungwa, pamoja na soketi mbili zaidi pembeni mwa makochi.

Kwa kuta, paneli tumezisemea. Nyuma ya TV wekeni rafu moja ndefu ya mninga au mtiki, kina sentimita 25, unene sentimita 4, na TV yenyewe katikati yake iwe kimo cha sentimita 105 hadi 110 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya aliyekaa. Msichimbe zidaka kwenye ukuta wa tofali la inchi 6 ambao tayari una lipu. Mtaudhoofisha bure.

Rangi iwe nyeupe yenye umanjano kidogo, ile ya maziwa, kwa sababu nyeupe kali kwenye jua la magharibi inaumiza macho. Usichague kwenye kadi ndogo ya dukani. Nunua kopo dogo la rangi mbili au tatu, paka kila moja mara mbili kwenye kadibodi ya sentimita 60 kwa 60, ziegemeze ukutani na uzitazame asubuhi, saa kumi jioni, na usiku chini ya balbu ileile mtakayotumia. Kwa kiasi: mzunguko wa sebule na sehemu ya chakula ni mita 25, kwa kimo cha 2.85 ni mita za mraba 71, toa madirisha na milango unabaki na 60 hivi. Kupaka mara mbili ni 120, na lita moja inafunika kama mita za mraba 10, basi lita 12. Ndoo ya lita 20 itatosha na kubaki kwa korido. Chagueni rangi ya kuoshwa yenye mng'ao hafifu, kwa ajili ya vidole vya watoto. Mng'ao ukizidi, kila wimbi la lipu litajitangaza.

Samani

Usinunue seti. Seti ya velveti ya viti saba kwenye chumba hiki inaziba njia, na velveti kwenye joto la Kigamboni inashika jasho na vumbi. Mchongesheni fundi kochi moja la watu watatu na viti viwili vya mmoja mmoja, fremu ya mninga au mtiki, mito inayotoka, yenye foronya za zipu. Hapo mna samani ya miaka 30 na vazi la kubadilisha kila mkichoka. Mwaka 1859 kampuni ya Thonet kule Austria ilitoa kiti chake nambari 14 chenye vipande sita tu vya mbao, skrubu kumi na nati mbili, na mpaka leo kiti kile kinatengenezwa na kukalika. Kilichokidumisha ni kwamba hakuna kipande kisicho na kazi.

Vipimo mpeni fundi kwa maandishi. Kikalio kimo sentimita 43 hadi 45 mto ukiwa umekaliwa, kina sentimita 55. Sponji iwe "hai densiti", yaani iliyoshiba na nzito, unene sentimita 12 au zaidi, kwani sponji laini ya bei ndogo inabonyea ndani ya mwaka mmoja. Meza ya katikati isizidi kimo cha kikalio, na iachane na kochi kwa sentimita 40 hadi 45. Njia ya kupita iwe sentimita 80. Meza ya chakula kimo ni 75, kila mlaji apewe upana wa 60, na kutoka ukingo wa meza hadi ukutani zibaki 90 ili kiti kirudi nyuma. Kwa nafasi yenu meza ya watu sita yenye sentimita 160 kwa 90 inakaa vizuri.

Siku ya kukagua, kabla hakijapigwa vanishi, geuza kiti miguu juu. Viungo viwe vya ulimi ulioingia kwenye tundu lake na gundi. Ukiona misumari na unga wa mbao uliochanganywa na gundi kuziba nafasi, kikatae. Tazama pia ule weupe wa pembeni mwa gogo. Fundi huupaka rangi ufanane na moyo wa mti, ila wadudu watoboa mbao huanza kula hapo. Na mbao iwe imekauka. Mninga unasifika kwa kutosinyaa sana, lakini ukichongwa mbichi nao utaachia viungo. Makabati ya jikoni ya bodi za unga wa mbao yakilowa miguuni yanavimba na hayarudi, kwa hiyo yakalie kitako cha saruji cha sentimita 10.

Bafuni fupi tu: tailizi za rangi moja bila mkanda wa maua, sakafu ya kukwaruza, mabomba ya kromu. Yale ya rangi ya dhahabu hubanduka.

Baba watoto na dhahabu yake

Usimrudie na neno la "kizamani" dhidi ya "kisasa". Mpe eneo lake, kwa dhati. Nyeusi na dhahabu anazozipenda zinaweza kukaa kwenye foronya, zulia, taa ya kusimama na kiti kimoja atakachochagua mwenyewe, hata kiwe cha velveti. Vishikizo vya makabati na bomba la pazia viwe vya shaba halisi: hewa ya bahari itavififisha, ila ndimu na chumvi vinavirudisha, wakati vilivyopakwa rangi ya dhahabu vikianza kubabuka hakuna dawa. Pazia apewe uhuru wa rangi, wewe simamia vipimo: bomba likae sentimita 15 juu ya dirisha, lizidi 25 kila upande, kitambaa kiwe mara mbili ya urefu wa bomba, chenye bitana kwa sababu ya jua lile, na pindo liishie sentimita 1 juu ya sakafu.

Mpangilio wa kazi basi ni nyaya, sakafu, dari, praima na rangi, kisha makabati, taa na pazia. Terazo ikishasagwa mara ya pili ifunikwe kwa nailoni na maboksi mpaka rangi iishe, nta ipigwe mwisho kabisa.

Kabla ya kumjibu fundi wa jipsamu, mwombeni fundi wa terazo awamwagie vipande viwili vya sentimita 30 kwa 30, kimoja cha saruji nyeupe na chembe za rangi mchanganyiko kama ya Tanga, kingine cha saruji iliyokolezwa weusi na chembe nyeupe kubwa. Viwekeni sebuleni saa kumi jioni, kimwagieni kila kimoja maji nusu, mvitazame mkiwa wote wawili. Cha pili hakifanani kabisa na nyumba ya mama mkwe wako, na tunadhani ndicho mume wako atakachokichagua.